Ubao Usiobanwa Siushiki

Siku niliyofukuzwa karakana naikumbuka vizuri, mwanangu, wala siikumbuki kwa huzuni. Umeniletea ruta yako mpya ya kuchongea mbao, uliyonunua mtaani Kanyenye, unaniambia umeshaona kwenye simu jinsi inavyotumika. Vema. Iweke mezani, usiichomeke bado. Nikusimulie kwanza.

Nilikuwa binti mbichi, mwanamke peke yangu katika karakana moja ya useremala pale mtaa wa Ng'ambo. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mihambo, fundi mkuu wetu, mtu aliyechonga mbao za mninga tangu ujana wake mpaka vumbi lake likamwachia kikohozi kisichopona. Ruta tulikuwa nayo moja tu, nzito, ya vipini viwili. Ukiikandamiza, jino lake linashuka ndani ya mbao, ukiiachia, linapanda. Ndiyo iliyotuchongea mifereji na marembo ya milango.

Mzee hakuniruhusu kuiwasha upesi. Kwanza nilijifunza kuiandaa ikiwa imelala. "Chomoa waya," alisema kila mara, hata swichi ikiwa imezimwa. Ndipo nitie jino, mpini wake uingie ndani sana ya tundu la mashine, kisha nilirudishe nje kidogo tu lisigote chini, nikaze kwa spana. Nipime kina, nifunge kizuizi ili jino lisishuke kupita hapo. Nipapase ubao kutafuta misumari. Halafu niubane ubao kwenye meza kwa vibano viwili, niutikise kwa nguvu zangu zote. Ukicheza, naanza upya. Nilichoka, mwanangu, nisikudanganye. Lakini mwalimu wangu hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Kifua kilipomzidi akabaki nyumbani, na karakana ikaongozwa na Sudi. Huyu alikuwa amefanya kazi Dar, na mikono yake ilikuwa mizuri, hilo simnyimi. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuweza kumwambia mteja neno "subiri."

Basi akaja mfanyabiashara mmoja wa tumbaku kutoka Urambo. Alikuwa ametuagiza milango ya nyumba yake mpya, na harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia. Alikuja na lori, akasimama mlangoni huku akichezesha funguo mkononi. Milango ilikuwa haijakwisha. Sudi akaanza kutokwa jasho.

"Toa hivyo vibano," aliniambia. "Kufunga na kufungua kunatumalizia siku. Wewe shika ubao kwa mikono, mimi nachonga. Na kina tunashusha chote kwa mara moja."

Niliutazama ule ubao, kisha nikatazama mahali alipotaka niweke vidole vyangu. Ilikuwa ni pale pale jino litakapopita.

"Siushiki, kaka Sudi," nikasema. "Ubanwe kwanza."

"Nimekwambia shika!"

"Na mimi nimekwambia siushiki."

Mfanyabiashara akacheka. "Ndiyo matatizo ya kuajiri wanawake," alisema. "Huyu anaogopa mashine. Binti, hujasikia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu?"

"Shikamoo, mzee," nikamjibu, maana adabu sikuiacha nyumbani. "Mguu ukivunjika hufungwa ukaunga. Kidole kikishakatika utakiunga na nini?"

Sudi aliona nimemwaibisha mbele ya mteja. Akanielekeza mlango kwa kidole. "Toka! Na usirudi. Mayunga, njoo ushike."

Mayunga alikuwa fundi mwenzangu, mtu mpole wa Nzega, ndiyo kwanza amepata mtoto. Alinitazama, akautazama ubao, akaja akashika. Nilisimama nje dirishani nikaona kila kitu. Jino lilipozama, ruta ilirusha kichwa kama ng'ombe anayekataa kamba. Ubao ukachomoka. Mashine ikapita juu ya mkono wa Mayunga ikachana mkono wa shati lake kuanzia kiwikoni. Ngozi haikuguswa. Wote wakacheka kwa kelele, Mayunga mwenyewe akicheka kuliko wote, na uso wake umepauka. Wakaokota ubao, wakaendelea.

Siku ile hakuna aliyeumia. Hapo ndipo penye mtego, mwanangu. Bahati humfundisha mtu vibaya kuliko hasara.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Mihambo, kifua mbele. Nilitaka sifa. Nilimkuta kajifunika shuka, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya kukwaruza. Nikamweleza yote, nikasisitiza pale niliposema siushiki.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ubao ukashikwa na nani?"

"Mayunga, baba."

"Ulimwambia nini Mayunga?"

Nikatazama miguu yangu.

"Umeokoa vidole vyako," akasema. "Vizuri. Lakini wewe ulijua hatari, kisha ukatoka ukamwachia mwenzio. Unaita huo ushujaa? Kidole kimoja hakivunji chawa, binti yangu Tatu. Kataa pamoja na watu, siyo peke yako dirishani." Akakohoa muda mrefu, akanigeuzia mgongo.

Iliniuma kuliko kufukuzwa. Usiku ule nilikasirika: kwanza nilimkasirikia yeye, halafu Sudi, mwishowe nikajikasirikia mimi. Asubuhi nikavaa nguo za kazi, nikarudi karakana niliyokatazwa kukanyaga.

Niliwakuta wanajiandaa. "Mwangaluka," nikawasalimu kwa lugha yetu ya nyumbani, nao wakaitikia wakitazama chini. Sudi akanifokea, "Nilikwambia usirudi!"

"Sikuja kwako, kaka. Nimekuja kwa Mayunga." Nikamgeukia. "Mayunga, jana lilikuwa shati. Usishike tena. Na ninyi wengine, akikataa Mayunga mtaitwa ninyi. Mtashika?"

Kila mmoja akajifanya anapanga mbao. Nilidhani nimeshindwa. Sudi akanishika bega anisukume nje, nikashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Sikwenda popote. Nilimwambia aite mgambo akitaka, amwite hata marehemu mtemi, chifu wetu wa zamani, afufuke, mimi sitoki mpaka nisikie jibu.

Ndipo Mayunga akautua ubao chini, taratibu kama mtu anayelaza mtoto. "Mimi nina mke na mtoto," akasema. "Siushiki." Fundi wa pili akavua aproni yake. Wa tatu akakaa juu ya rundo la mbao, akakunja mikono.

Sudi alibaki na ruta yake, kila upande akitafuta mtu wa kumwamrisha. Hakumpata. Kwa hasira akaenda kona akachukua vibano, akavitupa mezani kwa kishindo. Mayunga akaviokota akaubana ubao, akautikisa. Haukucheza. Wakachonga kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka, mpaka milango ikaisha. Mfanyabiashara alipiga kelele kwa kuchelewa, lakini milango akaichukua, na binti yake akaolewa.

Mimi kazi sikurudishiwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaanza karakana yangu hapa, kwa randa ya mkono na msumeno. Kila anayeingia kufanya kazi kwangu husikia sharti hili kabla ya jingine lolote: ukiona hatari, una ruhusa ya kunikatalia hata mimi.

Sasa sikiliza nasaha, mwanangu. Chomoa waya kabla hujagusa jino. Kaza, pima kina, bana ubao, utikise. Vaa miwani na kitambaa cha pua, ziba masikio. Kanga, mtandio na mikono mirefu viweke mbali. Shika vipini vyote viwili. Acha jino likolee mwendo kabla halijagusa mbao. Ukichonga ukingo ulio upande wako, sukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukienda kinyume itakukimbia mikononi. Chonga kina kidogo, rudia. Ukimaliza, acha jino lipande, zima, na usiitue mpaka limesimama kabisa.

Akija tajiri na funguo zake, akija bosi na sauti yake, akija rafiki na kicheko chake, waambie hapana. Sema kwa adabu, lakini sema. Kisha mtazame aliye karibu nawe, umfundishe naye kusema. Utaitwa mwoga, waache waite. Anayekucheka leo hatakulisha kesho ukiwa huna mkono.

Mungu akupe mikono mizima mpaka uzeeni, akupe macho ya kuona ulichokichonga, na akupe wenzio watakaosimama nawe. Haya, lete spana tuanze.