Mkwe Katika Banda la Nguruwe

Nguruwe wetu walikuwa wamekufa wote kwa homa na banda lao lilikuwa tupu. Ndiyo maana afisa wa mazingira wa Kabambare alitukumbuka. Alifika mchana kwa pikipiki, tope hadi magotini, kitunga kimefungwa nyuma. Ndani ya kitunga mlikuwa na mtoto wa gorila. Wawindaji walikuwa wamemuua mama yake misituni, upande wa milima, wakambeba mtoto wakitafuta mnunuzi, afisa akawanyang'anya. Sasa hakuwa na pa kumweka. Alisema kuna watu wanaolea mayatima kama huyu, mbali sana na kwetu, na kwamba wangekuja kwa ndege ndogo hadi Kasongo kumchukua. Sisi tuliombwa jambo moja tu: siku watakayofika, wamkute hai.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya ndoa kunishinda kule Kasongo. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na zile siku za kwanza hasira yangu ilipata kazi.

Habari ilienea hadi kijiji cha Wamaza. Watu walikuja kwa miguu wakiambiana, "Twende zoo," ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona zoo. Waligonga miti ya banda. Walitupa maganda ya ndizi, wakatoa meno, wakajipiga vifua. Mwanamume mzima, baba wa watoto, alipitisha pampu ya baiskeli kati ya miti akamchokoa ubavuni. Mtoto alijikunja kwenye kona, uso ameuelekeza ukutani, mikono juu ya kichwa. Niliwatukana wote. Hawakuondoka, walicheka, matusi yangu nayo yakawa sehemu ya maonyesho.

Baba ndiye aliyewanyamazisha. Ujanani alikuwa mwindaji, na wawindaji wa ukoo wetu walimhesabu gorila kuwa mkwe. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana, yeye hutoka njiani, hushusha macho, hukohoa kidogo na kungoja apite. Hamgusi, wala hali mbele yake. Yule aliyekuwa mume wangu alikuwa akijificha nyuma ya jiko kila mama aliponitembelea, na pengine hilo ndilo jema pekee ninaloweza kumsemea. Wawindaji walimpa gorila heshima hiyohiyo, na baba huapa kwamba ndiyo sababu hakuna hata mmoja wao aliyeraruliwa.

Alisimama mbele ya banda na fimbo yake.

"Huyu iko mukwe," aliwaambia. "Mutu hatazame mukwe mu macho. Hamuonyeshe meno. Hakule mbele yake."

"Mukwe gani wa kunyonya?" aliuliza yule mwenye pampu.

"Mukwe hana miaka," baba alisema.

Nimeishi na watu wa kwetu, wakaidi kuliko mbuzi, na sijaona neno jingine lililowatia aibu upesi namna ile. Wanaume walivua kofia. Wanawake walipunguza sauti. Watoto walipita mmoja mmoja, wamejiinamia, wakakohoa kidogo walivyofundishwa. Nilimwonea fahari baba yangu. Nilifikiri tumemwokoa yule mtoto.

Sisi wa nyumbani tulifuata sheria kuliko wageni. Baba aliweka ndizi na kikombe cha maziwa ya unga mlangoni, akageuka, akaondoka bila kutazama nyuma. Hakuna aliyekaa pale. Mwanzoni vikombe vilirudi vitupu. Kisha vikawa vinarudi nusu, kisha vilevile vilivyopelekwa, na inzi juu yake.

Mama aliliona mapema. Alikuwa akisimama uani na kitenge mkononi, masikio yakiwa kwenye banda, kwa sababu yule mtoto alikuwa na mlio mdogo, wa chini, ambao aliutoa kila tulipompa mgongo.

"Ule mutoto anataka mugongo ya kubebwa," mama alimwambia baba. "Hataki ndizi."

"Utabeba mukwe?"

Mama alikikunja kitenge. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini kwa miaka yote ya ndoa yao, baba aliposema mkwe, mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Nami sikumsaidia. Niliona ni heri ule ukimya wa uani kuliko zile kelele za siku za kwanza.

Mvua zilikuja. Daraja la magogo kwenye njia ya Kasongo lilisombwa, na afisa akaja kutuambia kwamba ndege isingeruka mpaka anga ifunguke, na hata ikiruka, hakuna pikipiki ya kumfikisha mtoto uwanjani. Alikuwa na namba ya daktari wa wanyama wa kule wanakolelewa mayatima. Mimi na baba tulipanda kilima, mahali pekee simu inaposhika mtandao, nikampigia. Niliongeza sauti ili baba asikie. Alikuwa mwanamke, na alizungumza Kiswahili chetu.

Aliuliza anakula nini, nikamwambia.

"Nani iko anamubeba?"

"Hakuna mutu anamubeba, dokteri. Sisi tunamuheshimu. Hatumutazame, hatumuguse."



"Mama," daktari aliniambia taratibu, "ile heshima iko ya gorila mukubwa. Ule iko mutoto. Analala mu kifua ya mama yake, na mama hayuko. Mutoto wa gorila akiachwa peke yake, anakufa. Mumubebe. Mumubebe sasa."

Tuliteremka. Njia ilikuwa utelezi, baba akaanguka, nikamwinua, akaanguka tena. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwa mama.

"Mubebe," alisema, akaingia ndani.

Mama alimfunga kifuani kwa kitenge. Mtoto alimshika kwa mikono yote miwili, akaushika na ushungi wa mama, hata hatukuweza kuufungua. Alikuwa mwepesi kama kuku. Alikunywa maziwa kidogo kwenye kiganja cha mama, nasi tukatazamana, mimi na mama, tukathubutu kutumaini. Asubuhi ya pili alikuwa hashiki tena. Mikono ilining'inia. Mama aliendelea kutembea naye uani, akimpigapiga mgongoni, mpaka nilipomwambia aketi.

Watu walikuja, Wakristo na Waislamu. Walipita kimya, macho chini, kofia mkononi, na hakuna aliyeonyesha meno. Baba alikuja mwisho. Alichuchumaa mbele ya mama, akafunua kitenge, akamtazama yule mtoto usoni, muda mrefu.

"Sasa ndiyo unamutazama," mama alimwambia.

 Baba alimfunika, akaenda kutafuta jembe.

Banda bado lipo, hatujafuga tena. Watoto wa mtaa wakipita pale hutoka njiani, hushusha macho na kukohoa kidogo. Ndani hamna kitu. Baba huwaona akiwa mlangoni, na mpaka leo hajawaambia waache.