Alichosema Nikolao kuhusu Pampu

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, upepo ulipeperusha vumbi jekundu, na harufu ya mabibo yaliyooza ilitoka mashambani. Wingu halikuonekana hata moja.

Mwalimu Gideoni alimaliza kipindi cha Kidato cha Nne saa nane mchana, akafuta chaki mikononi kwa leso, akabaki ameketi darasani peke yake. Ukutani palikuwa na karatasi ya manila aliyoiandika kwa mkono wake miaka kumi na moja iliyopita. Upande wa kushoto alikuwa amepanga vitenzi vya Kiingereza vya kueleza maneno ya mtu mwingine: kusema, kukana, kukiri, kudai, kusisitiza. Upande wa kulia yalikuwa maneno ya kuvipa uzito. Aliwafundisha wanafunzi kwamba kila kitenzi kina wenzake wa kutembea nao. Anayekana hukana katakata, "flatly denied that". Anayekiri hukiri waziwazi, "openly admitted that", au shingo upande, "reluctantly admitted that". Aliwaonya kwamba neno hilo la uzito likae kabla ya kitenzi, lisichomekwe kati yake na "that". Insha yenye "said" tupu aliipunguzia alama hata kama haikuwa na kosa.

"Kitenzi kisiende uchi," alizoea kusema, na kila mwaka darasa lilicheka.

Kwa ajili ya Kiingereza hicho kamati ya maji ya kijiji chao, kwenye njia ya kwenda Mkunya, ilimfanya katibu. Alikuwa mtu wa kuja, Mwanglikana wa Masasi, na Chimakonde alikijulia ukubwani. Huku juu, kwenye uwanda wa Newala, maji yako mbali sana chini ya ardhi, na zamani wanawake walishuka makorongoni tangu alfajiri kuyafuata. Wafadhili wa ng'ambo ndio waliochimba kisima kirefu, wakaweka pampu. Kuiendesha alipewa Nikolao, aliyeitwa pia Baba Winfrida kwa jina la bintiye, mtu wa maneno machache aliyewahi kuwa fundi wa mashine za kusaga.

Mwezi wa Julai pampu iliungua. Kamati ilikaa, Nikolao akaulizwa. Alijibu kwa Chimakonde, akiangalia mikono yake, na Gideoni akaandika kwa Kiswahili kwenye daftari, neno kwa neno: "Amesema mafundi walimwambia aizime kila baada ya saa nne. Amesema siku ile watu wa foleni walimwomba asizime, ndoo zilikuwa nyingi. Amesema aliwahurumia, akaiacha." Chini yake aliandika majina matatu ya walioomba, kama Nikolao alivyoyataja. Ndivyo alivyokuwa Gideoni, hakuacha jina.

Siku mbili baadaye alikaa kuandika taarifa ya wafadhili kwa Kiingereza. Alipofika kwenye yale maneno, "amesema, amesema, amesema" ilimkera kama insha ya mtoto mvivu. Mkono ukaenda wenyewe. Nikolao akawa amekiri waziwazi kwamba alipuuza maelekezo kwa makusudi, na akawa amedai kwa nguvu kwamba watu ndio waliomwomba. Gideoni alisoma sentensi hizo mara mbili, akaona zimekaa vizuri, akatuma.

Jibu lilikuja Septemba. Pampu mpya ingeletwa Desemba, kwa sharti moja: yule mwendeshaji aliyekiri mwenyewe waziwazi aondolewe, asiguse tena mali ya mradi. Gideoni ndiye aliyesimama mkutanoni kuisoma barua hiyo kwa Kiswahili, na ni pale, maneno yakimtoka kinywani mbele ya kijiji kizima, alipoyatambua kuwa ni ya kwake.

Nikolao alisimama. "Mimi sikusema hivyo."

"Basi Wazungu ndio wameota?" mtu aliuliza kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Gideoni alikunja barua, akakaa.

Tangu siku hiyo Nikolao alikuwa na jina jipya, Waziwazi. Boza la maji lilipokuja kutoka Newala, mkewe alisukumwa mwisho wa foleni, akaambiwa akanywe maji ya mumewe. Majirani waliozoea kusaidiana naye kuokota korosho hawakutokea, na korosho zikalala chini ya mikorosho pamoja na mabibo yake, nzi wakizifunika.

Ndiyo sababu Alhamisi hiyo Gideoni hakwenda nyumbani. Mfukoni alikuwa na barua aliyoiandika upya kwa wafadhili, akaipeleka kwanza kwa mwenyekiti wa kamati, Mzee Shamte, aliyekuwa barazani akianika korosho. Alimwamkia, akaeleza yote. Mzee alisikiliza huku akichambua mbovu na nzima.

Aliuliza kama pampu iliungua au haikuungua. Iliungua, alijibiwa. Akauliza kama Nikolao aliizima au hakuizima. Hakuizima.

"Sasa wewe umeongeza nini?"

"Nimemwekea moyo asiokuwa nao, Mzee. Yeye alihurumia watu. Mimi nimeandika makusudi."

Shamte alitupa korosho mbovu kando. Alisema taratibu kwamba hao wafadhili wakijua katibu wa kijiji huandika mambo yake, hawataamini tena hata idadi ya ndoo. "Desemba utawanywesha watu nini, Mwalimu? Ile karatasi yako ya ukutani?"

Gideoni alirudisha barua mfukoni. Aliaga, akaendelea na njia hadi kwa Nikolao.

Mama Winfrida alikuwa uani akimenya muhogo. Aliitikia salamu bila kuinua uso. Ukutani palikuwa na mabunda mawili ya nguo yaliyofungwa kwa kamba, na Gideoni hakuhitaji kuuliza. Kijijini ilishajulikana kwamba Jumamosi walikuwa wanahamia Masasi, kwa shemeji. Mikorosho wangeiacha kama ilivyo.

Gideoni alikaa kwenye kigoda mbele ya Nikolao, akasema mpaka mwisho, bila kujitetea. Nikolao alimtaka kwanza ayatamke yale maneno kwa Kiingereza, kama yalivyokwenda. Gideoni akayatamka. Kisha akataka maana yake, moja moja. Akapewa.

"Ile siku ya kamati uliandika nilivyosema?"

"Niliandika, Baba Winfrida. Daftari lipo."

"Na majina?"

"Na majina."

Gideoni alitoa ile barua mpya, akamwonyesha. Nikolao aliitazama tu, hakuipokea. "Hiyo usipeleke. Pampu ikikosekana watasema ni mimi tena, na wanangu wana ndugu hapa, wanakunywa maji haya haya. Hilo daftari wasomee watu wa foleni. Wao walikuwepo siku ile."

"Watanikasirikia."

"Mimi je?"

Mama Winfrida aliweka kisu chini. Hapo ndipo alipomwangalia mgeni kwa mara ya kwanza. "Na usitie chumvi, Mwalimu."

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, boza lilikuwa limesimama karibu na kisima kilichokufa, na foleni ya ndoo ilifika hadi barabarani. Gideoni aliwaamkia wakubwa, akasimama mahali ambapo wote wangemwona, akafungua daftari. Kwanza alisema kwamba maneno ya ile barua ya Septemba yalitoka kwake yeye, wala hayakutoka kwa Nikolao. Kisha akasoma. Amesema mafundi walimwambia aizime. Amesema watu wa foleni walimwomba asizime. Amesema aliwahurumia, akaiacha. Alisoma na majina matatu, na la pili lilikuwa la Scholastika, aliyeshika ndoo hatua nne mbele yake. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita Nikolao Waziwazi.

Scholastika alitazama maji yakiingia kwenye ndoo ya mwenzake. Mtu mmoja aliuliza kama Desemba pampu italetwa au haitaletwa. Gideoni alijibu kwamba italetwa, kwa kuwa barua ya kuwasahihishia wafadhili hakuipeleka. Huyo mtu akaguna, akasogeza ndoo yake.

Mwisho wa foleni watu wengine walikuwa wanafika, wakiuliza kuna nini. Gideoni alirudisha kurasa nyuma, akasoma tena tangu mwanzo, kwa ajili ya waliochelewa.