Baba Mkwe Mbele, Mimi Nyuma

Kwetu Unyakyusani, mwanamke aliyeolewa hamwoni baba mkwe wake. Sisemi kwamba huinamisha macho kwa heshima. Nasema hamwoni kabisa. Akisikia anakuja, hujifunika kanga na kuingia migombani. Jina lake halitamki. Mzee naye akihisi mkwe wake yuko karibu, hugeuza shingo na kukohoa, ili mwenzake apate nafasi ya kujificha. Wasichana wa siku hizi nikiwasimulia hucheka mpaka machozi. Wacheke tu. Mimi nilikuwa na baba mkwe nisiyemjua sura, na sijaona mtu aliyenitendea wema kama yeye.

Miaka ile ya hamsini tulikuwa tunakaa Iringa. Mume wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Wahindi, nami nililea binti yetu wa kwanza, ambaye alikuwa hajaanza kusimama. Mama yangu alibaki ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasaland, ambako sasa ni Malawi. Kwetu sisi mto ule haukuwa mpaka wa kitu chochote. Watu wa kando zote mbili waliozeshana na kuzikana. Serikali ndiyo iliyosema ni mpaka.

Siku moja nilikuwa nakanda unga nikasikia kikohozi nje. Nikakijua. Nikatoka mbio, mikono imejaa unga, nikajibanza nyuma ya jiko. Jirani yangu Mhehe akaniangalia akacheka. "Dada, umeiba nini?"

Baba mkwe alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu wa ziwani. Aliwapakia kwenye baiskeli kutoka bondeni hadi Tukuyu na Mbeya, akavuka Songwe kila alipotaka, kwa hiyo habari za pande zote zilipitia kwake. Safari hii alikuwa amepanda basi mpaka Iringa kuleta habari moja tu, na niliisikia kupitia ukuta.

"Mama yake anaumwa," alimwambia mwanawe. "Miguu imevimba, hanyanyuki tena. Anataka kumwona huyu mjukuu. Anasema kama wanakuja, waje kabla ya mvua."

Nilielewa vizuri maana ya kabla ya mvua. Bonde la Songwe likishashiba maji, huendi kwa gurudumu wala kwa mguu, na mgonjwa wa namna ile hangengoja mpaka likauke. Mume wangu akaanza kujikuna kichwa. Sikukuu ya Wahindi ilikuwa inakaribia, vitambaa vya kushona vimejaa hadi dirishani, hakuna namna ya kuondoka. Akasema labda tungoje kazi ipungue. Nikamwambia kwa sauti, na mzee asikie, kwamba mama yangu si shati la kuwekwa foleni.

Kisha baba mkwe akasema, akiwa anauangalia ukuta bila shaka, "Nitampeleka mimi."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kutoka Iringa hadi Mbeya lilikuwapo basi. Kutoka Mbeya kwenda Tukuyu gari lilikuwa la kubahatisha, na kushuka mtoni hakukuwa na gari kabisa, ila baiskeli. Lakini mkwe si furushi la samaki, hawezi kupanda keria ya baba mkwe wake. Ilibidi nipande baiskeli yangu mwenyewe, na mimi sikuwahi kupanda hata punda.

Jioni ile tulipanga safari kupitia ukuta. Mzee alisema, mume wangu akarudia, ingawa nilisikia kila neno. Nami nikamjibu mume wangu, naye akarudia, ingawa mzee alikuwa hatua chache tu. Mume wangu alichoka katikati, akaomba maji.

Mzee alikuwa amewaza yote. Ndani ya basi yeye angekaa mbele na dereva, mimi kiti cha mwisho. Njiani yeye angetangulia akipiga kengele, ili nijue yuko wapi nisimkaribie. Penye njia panda angelaza tawi kwenye njia isiyo yetu. Tungelala kwa jamaa zake, yeye nyumba hii, mimi ile. Mpakani nilihitaji cheti cha chanjo ya ndui, changu na cha mtoto, na ruhusa ya mume iliyogongwa muhuri kwenye baraza la serikali. Mtoni yeye angevuka kwa mtumbwi wa kwanza, mimi wa pili.

Baiskeli ilitoka kwa mama mwenye duka. Binti yake alikuwa amekwenda kuolewa Dar es Salaam, na baiskeli yake ya kike ilikuwa inapata kutu stoo. Mama yule alitoka na sari yake hadi uwanjani kunifundisha, mume wangu akikimbia nyuma ameshika kiti. "Usitazame gurudumu, weye! Tazama mbele!" alikuwa akipiga kelele. Nilianguka mpaka magoti yakakosa ngozi. Nilipofaulu kuzunguka uwanja wote peke yangu, alinipa viraka na pampu, akasema nisilete asante, nilete habari za mama. Mungu amrehemu popote alipo.

Basi tukaondoka, baiskeli yangu ikiwa juu ya basi na vikapu vya kuku. Chimala tuliposimama, utingo alikuja nyuma na mayai ya kuchemsha na ndizi. "Mzee wa mbele kasema mpe mama mwenye mtoto." Abiria wakauliza kwa nini mzee haji mwenyewe. Mama mmoja wa Kinyakyusa akawajibu wasilolijua waliache.

Mbeya mzee alichukua baiskeli yake kwa rafiki yake, na asubuhi tukaanza kupanda. Ule mlima wa kuelekea Isongole sikuupanda, niliusukuma. Mtoto mgongoni, ukungu mzito, vidole vimekufa ganzi, na mbele huko kengele inalia kidogo, inanyamaza, inalia tena. Ikichelewa kulia nilijua amesimama kunisubiri. Penye nyumba ya kulala nilikuta maji ya moto yako tayari na moto umekokwa, maana yeye alikwisha kupita na kuagiza.

Siku ya kushuka, mnyororo wangu ulichomoka. Nikasimama, sijui nianzie wapi, hasira zikanishika, nikaipiga teke baiskeli ya watu. Kengele ya mbele ikanyamaza. Baada ya muda sauti ikatoka nyuma ya migomba.

"Baiskeli ikigoma," ilisema, kana kwamba inaongea na migomba, "mtu huipindua miguu juu. Halafu huweka mnyororo kwenye meno ya nyuma kwanza. Halafu huzungusha pedali taratibu."

Nikapindua. Nikaweka. Nikazungusha. Ukashika. Kengele ikaanza kulia tena mbele, nami nilicheka peke yangu kama mwehu.

Tulifika mtoni mawingu yameanza kukusanyika juu ya ziwa. Mzee akavuka, kisha mimi. Kibanda cha mpaka kilikuwa upande wa pili, na askari aliyekuwapo si yule ambaye mzee alimzoea. Huyu alikuwa mgeni, mtu wa mbali kusini, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akatazama vyeti vya chanjo, sawa. Akatazama ruhusa ya mume, sawa. Akauliza, "Mume wapi?"

"Iringa."

"Nani amekuleta?"

Nikaelekeza kwa kidevu. Mzee alikuwa amesimama pembeni ametupa mgongo. Askari akamwita. Akaja kinyumenyume, kidogo kidogo, nami nikashusha kanga usoni hadi kidevuni.

"Wanawake wanakimbia mabwana, wanavuka hapa," askari akasema. "Kama huyu mkwe wako, tazama uso, sema ndiye. Kama hapana, anarudi."

Baba mkwe akamweleza kwa upole. Kwamba kwetu haiwezekani. Kwamba hajawahi kuniona. Kwamba mtoto anamjua, amempakata Iringa, na aliyembeba mtoto ndiye mama yake, atakuwa nani mwingine?

"Sikuuliza mtoto," askari akasema, akanirudishia karatasi zangu.

Tulikuwa tumepanga kila kitu, na kila tulichopanga kilikuwa cha kutuweka mbalimbali. Hatukuwaza kwamba angetokea mtu wa kututaka pamoja. Njia ya kwa mama ilikuwa inaonekana kutoka pale, imenyooka kati ya mashamba ya mpunga. Nilitaka kulia na nilitaka kumtukana yule askari, na kumwomba mzee sikuweza, kwa maana hata kumwomba ni kosa. Kama angegeuka akarudi kwenye mtumbwi nisingemlaumu. Mzee aliyemtazama mke wa mwanawe angewaambia nini wazee wenzake?

Nikasikia anapumua. Akasema, na hakuwa anaongea na ukuta wala migomba, "Mwanangu, funua."

Nikafunua kanga. Naye akageuka.

Tulitazamana. Nyusi zake zilikuwa zimejaa vumbi la barabara yote ile aliyonitangulia. Hakuharakisha. Alinitazama kama mtu anayetaka kusema ukweli mbele ya serikali.

"Ndiye," akasema. "Mke wa mwanangu."

Muhuri ukagongwa. Alipogeuza shingo yake na kukohoa, nilikwisha kujifunika. Tukaendelea, yeye mbele, mimi nyuma.

Hakuingia uani kwa mama. Alipaza sauti kutoka njiani kwamba wageni wamefika, akaenda kukaa na wanaume nyumba ya jirani. Mimi niliitupa baiskeli chini nikaingia.

Mama alikuwa hai. Amelala ubavu ameelekea mlangoni, miguu imefunikwa, amekonda mpaka niliogopa kumgusa. Nikamwekea mtoto kifuani. Hakunisalimu hata. Alimshika miguu, akahesabu vidole, akamgeuza huku na huku, ndipo akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Mtoto mzuri," akasema. "Lakini hii pua, mh! Hii si ya kwetu. Na mumeo pia hana pua hii."

"Ni ya babu yake," nikasema.

Mkono wake ukasimama. Mama alikuwa mke wa mtu maisha yake yote, alijua vizuri kwamba hakuna mkwe anayeweza kulijua jambo hilo. Akaniangalia. Nikainamisha macho. Nje sauti ya mzee ilisikika anawaambia wanaume habari za bei ya samaki.

Mama aliishika ile pua ya mtoto kwa vidole viwili, taratibu, akaiambia, "Asante sana, baba."