Gauni la Kwenye Kioo

Kama hujapimwa na Mzee Futi, basi hujawahi kupimwa. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema bila haya mbele ya mafundi wenzake, ile futi yake ya kupimia ikiwa imemning'inia shingoni. Hata kwenye msiba alikwenda nayo. Ndiyo maana jina likamganda.

"Mwili nikishaupima mara moja, siusahau," alikuwa akijitapa, pini zimejaa mdomoni. "Nijie hata gizani, nitakujua kwa bega." Wateja walicheka, naye akacheka nao, na mpaka leo sijui ilikuwaje asimeze hata pini moja.

Haya, sikia sasa yaliyomkuta bingwa wetu.

Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, na alitaka kitu kimoja tu: gauni la harusi kama la marehemu mama yake. Si la kufananafanana. Lile lile. Ungedhani ni kazi ndogo, maana aliyelishona ni Mzee Futi mwenyewe, enzi za uchumba wao. Lakini gauni lenyewe lilikwishapotea. Binti alipozaliwa, mama mtu alilifumua kwa mkono wake, na mumewe akatoa humo vigauni vya mtoto, kimoja baada ya kingine, mpaka kikabaki kitambaa cha kufutia vumbi la cherehani. Vipimo hakuviandika popote. Alikuwa kijana mwenye haraka ya kuoa, alikata kwa jicho.

"Si ulilishona wewe, baba? Si unalikumbuka?" binti alimuuliza.

"Nalikumbuka," alijibu Mzee Futi, upesi mno.

Hakulikumbuka. Na gauni lilikuwa afadhali. Kilichomtia hofu kilikuwa kingine. Kila alipofumba macho kumtafuta mkewe wa siku ya harusi, alimpata yule wa kitandani, wa miezi ya mwisho, ambaye hata shuka lilimlemea. Alijaribu kumvika gauni jeupe, likamporomoka mabegani. Jamani! Mtu anayejisifu kwamba hasahau mwili, amesahau ule mmoja aliolala nao kitanda kimoja.

Kilichokuwa kimebaki ni video ya harusi, iliyotolewa kwenye mkanda wa zamani na kuwekwa ndani ya kompyuta ya binti. Sauti ilikuwa imekufa, rangi zimepauka. Na kwenye kile kioo kidogo cha kompyuta, bibi harusi alikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Mzee Futi alivaa miwani, akavua, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Baba, utaitoboa kompyuta kwa pua," alisema binti. "Ngoja tuiunganishe na televisheni."

Ilikuwa mchana wa jua kali. Binti alivuta mapazia ya kijani ili mwanga usipige kioo, na sebule nzima ikageuka kijani, makochi, kuta, mikono yao, kama wamekaa chini ya maji. Aliisogeza televisheni, akapapasa nyuma yake, akachomeka ncha moja ya waya, na nyingine akaitia ubavuni mwa kompyuta. Televisheni ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Akabonyeza rimoti, akachagua tundu alilochomeka, mara kioo kikawaka buluu tupu.

"Mbona hawapo?" aliuliza Mzee Futi.

"Wapo huku bado. Televisheni sasa ni kama chumba cha pili cha kompyuta. Tunawahamisha tu."

Akaweka kidole, akaanza kuivuta ile picha. Ikafika ukingoni mwa kompyuta, ikatumbukia, na ikaanza kuchomoza kwenye televisheni. Kwa kitambo ukumbi wa harusi ulikatika vipande viwili. Mjomba mmoja, aliyekwishafariki siku nyingi, alikuwa akicheza nusu mezani na nusu kule kwenye televisheni, na wala hakupoteza hatua. Mzee Futi alitazama mdomo wazi. Alihisi usingizi mtamu unamjia, naye yu macho.

Picha ilipokaa sawa, ilikuwa na mapande meusi kulia na kushoto. Mzee Futi akakunja uso.

"Haya mapande ya nini?"

"Picha za zamani ni nyembamba, baba. Ndivyo zilivyo," alisema binti, na huyo, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Ndivyo zilivyo! Umwambie hivyo fundi ambaye hata kipande cha upana wa kiganja hakitupi, anakifanya kola. Kioo kizima kipo, halafu kitumike cha katikati tu? Alichukua rimoti akaiminya hapa na pale, kwa ubishi, mpaka picha ikatanuka na kujaa pembe hadi pembe. "Enhe," alisema, akajilaza kwenye kochi.

Ndipo bibi harusi akaingia.

Aliingia taratibu, mweupe, amejaa. Mashavu yamejaa, mabega yamejaa, mikono imeshiba ndani ya mikono ya gauni. Mlangoni binti alisimama na vikombe viwili, akasahau kuviweka.

"Kumbe mama alikuwa hivi?" alisema polepole.

"Alikuwa hivi," alisema baba yake, na wallahi aliamini. Yule wa kitandani aliondoka bila kuaga, na Mzee Futi hakumwita nyuma.

Binti alimwachia kompyuta ikiwa imechomekwa vilevile, naye akawa kila jioni anapita kutazama. Mzee Futi alifunga kibanda chake cha ushonaji kila mchana, akaja kuvuta mapazia, akaketi ndani ya ule ukijani. Video ilikwenda na kurudi. Mkewe aliingia, akageuka, akasema neno lisilosikika, akacheka. "Ndiyo, nimekula," Mzee Futi alimjibu. Akisinzia alimwona, akiamka alimwona, na baada ya siku chache hakujishughulisha tena kujua ni kupi.

Kazi aliifanya humohumo ndotoni. Aliisimamisha picha, akatandaza futi juu ya kioo. Kimo cha mkewe alikijua, utosi wake ulimfika begani. Kutokana na kimo akakokotoa mengine yote: kifua, kiuno, upana wa mgongo. Namba zilitoka kubwa. Alizitazama, akakuna kichwa. "Kumbe tulikuwa tunakula vizuri," alisema, akazikubali. Binti hakumpima. Ya nini? Mtaa mzima ulijua kwamba mama na mwana walikuwa shilingi kwa ya pili. Akashika mkasi, akakata.

Siku ya kulijaribu gauni, alikuja pia shemeji yake Mzee Futi, mdogo wa marehemu, mwanamke wa maneno. Video ilikuwa inaendelea pembeni kama kawaida. Binti alitoka chumbani amelishika gauni kwa mikono miwili, maana akiliachia linaanguka.

"Shemeji!" mwanamke yule alipiga makofi. "Umeshona gauni au hema la wageni?"

"Ni kipimo cha dada yako," alisema Mzee Futi kwa hasira. "Mwenye macho haambiwi tazama. Mtazame huyo hapo!"

Shemeji akaigeukia televisheni. Akaitazama sana, kicheko kikimpungua.

"Huyu dada yangu? Na ile saa ya ukutani nayo, mbona ni yai? Saa gani ya umbo la yai, shemeji? Hawa watu wote wamemeza hamira?"

Akachukua rimoti mwenyewe, akabonyeza mpaka mapande meusi yakarudi. Ukumbi ukajikusanya. Saa ikawa duara. Na katikati akasimama msichana mwembamba, shingo ndefu, mabega madogo yaliyoinuka kidogo kama ya mtu anayesikia baridi.

Mzee Futi alimjua kwa mikono kabla ya macho. Vidole vyenyewe vilijikunja kutafuta lile bega. Ndiye. Akakaa chini.

"Wiki nzima," alisema, "nimekaa na mwanamke mwingine, namwita mke wangu. Mimi niliyempima."

Shemeji alitaka kutania, akaona uso wake, akaiweka rimoti mezani.

"Baba," alisema binti, bado amelishika gauni. "Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Vile alivyokuwa jana. Mimi mama ninayemkumbuka ni mgonjwa tu. Wiki hii nimemwona ana mashavu, nikawa naenda kulala nimefurahi. Najua si kweli. Rudisha kidogo tu."

"Na gauni je?" aliuliza shemeji, sauti imemlainika. "Harusi hiyo imefika, na hili linataka kupunguzwa kila upande."

"Nitalipunguza kesho," alisema Mzee Futi. Akavua futi shingoni, akaiweka kando. "Nguo zake za mwisho nilizipunguza mimi, shemeji. Kila wiki aliniambia, mume wangu, na hii imelegea, nitie pini kidogo. Nikatia pini. Wiki ya pili nikatia tena. Nimempunguza mke wangu kwa mikono hii mpaka hakukuwa na cha kupunguza. Leo niacheni."

Akabonyeza rimoti, mkewe akanenepa, na wote watatu wakakaa kumtazama.