Pelagia na Makanisa Matatu

Pelagia aliolewa pembezoni mwa mji wa Kasulu wakati kanisa la parokia lilipokuwa bado banda la miti na nyasi. Yeye na wanawake wenzake walisomba maji ya kukandia udongo, na mumewe Nestori akafyatua matofali ya kanisa la pili. Humo walibatizwa watoto wake wote, na humo alimwombolezea Nestori. Mwaka tisini na tatu, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika, walitandika mikeka humo, naye akawapikia uji nyuma ya sakristia.

Mwaka tisini na saba likafunguliwa kanisa la tatu, la matofali ya kuchoma, mlango umetazama barabarani. Ekaristi ikahamishwa kwa maandamano. Lile la zamani likawa ukumbi.

Hapo ndipo Pelagia alipoanza kuchanganyikiwa. Kengele ikilia, miguu ilimpeleka kulekule ilikozoea. Siku moja alipiga goti mlangoni, akafanya ishara ya msalaba, na alipoinua macho akaona vijana wanapanga kreti za soda. Walimwamkia kwa heshima, wakamwelekeza kanisani. Aliona aibu, ila hakujua ni aibu ya nini hasa.

Akamwendea Padri Felisiani. Padri alimweleza kwa upole kwamba altare ilishaondolewa kwa sala, na sasa ile ni nyumba kama nyumba nyingine. Pelagia alisikiliza mpaka mwisho.

"Na yale tuliyoyaomba humo, Padri, nayo mliyahamisha?"

 Padri alisema atalifikiria swali hilo.

Mwaka uliofuata Vestina, mjukuu wa Pelagia, alifunga ndoa, na sherehe ikafanyika ukumbini. Pelagia aliwekewa kiti cha heshima palepale ilipokuwa altare. Hakuweza kukaa. Alisimama ameshika sahani ya pilau, na wakwe wakadhani amekasirika. Mshenga akaja kuuliza wamekosea wapi. Pelagia alitaka kueleza, maneno yakampotea, ya Kiha cha kwao na ya Kiswahili. Akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje.

Vestina alimfuata, ameikusanya shela yake mkononi.

"Bibi, hukupenda niolewe huku?"

"Nimependa, mjukuu wangu. Sijui tu nikae wapi."

Vestina akaketi naye, wakala sahani moja mpaka alipoitwa kukata keki. Pelagia akaingia nyuma yake, akaegemea ukuta, akapiga vigelegele pamoja na wengine.

Dominika iliyofuata aliwahi kanisa jipya, akakosea mlango, akajikuta katikati ya kwaya. Walimsogezea nafasi, akakaa.