Vyuma vya Bunduki ya Mzee Wafula

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, hadi leo nashusha pumzi. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Thika, na kazi yangu ilikuwa kumbebea bunduki Mzee Wafula, Mluhya aliyeajiriwa kuwinda nyati waliokuwa wakivamia mashamba ya kahawa. Bunduki yenyewe ilikuwa ile kubwa, ya nyati na ndovu, na ilinichosha hadi nikaichukia.

Asubuhi hiyo, nikiisafisha, nilifungua skrubu za bamba la kitako. Ndani nikakuta vipande viwili vya chuma kizito. Nikajiona mjanja kuliko fundi! Nikavitoa ili bunduki iwe nyepesi, nikavificha nyumbani nyuma ya pipa la maji, nikarudisha bamba. Tukashika njia ya Ruiru, nami napiga mluzi.

Njiani mzee akaanza hadithi. Bunduki yake ya zamani, nyepesi, ilimpiga teke alipofyatua risasi, ikamvunja mfupa wa bega.

"Hii, fundi aliongeza chuma kwa kitako," akasema. "Uzito ndio unameza lile teke. Bega likivunjika tena, kazi imeisha. Watoto wangu watakula nini?"

Mluzi ukanikauka. Nilitaka kusema, lakini mke wangu alikuwa mja mzito, nikaogopa kufutwa. Nikanyamaza, mwanangu. Naona haya mpaka leo.

Tulimkuta nyati kando ya mto. Mzee akaichukua bunduki upesi, macho yote kwa mnyama, akaiweka begani.

"Mzee, usipige!" nikapiga kelele. "Nimetoa vile vyuma!"

Nyati akatimua mbio, akavuka mto, akapotea. Mzee Wafula aliketi chini, akalishika bega lake, akanitukana kwa Kiluhya na Kiswahili mpaka maneno yakamwishia. Kisha akaanza kucheka.

"Wewe kijana! Ungenyamaza kidogo tu, bega langu lingevunjika! Haya, twende ukavirudishe."

Kesho yake niliibeba tena, nzito kama zamani, na sikuusikia uzito kwa furaha. Nyati alianguka kwa risasi moja. Mzee akazungusha bega lake, zima kabisa, akanikonyeza.

Basi mwanangu, kitu kikikulemea, uliza kwanza kinamkinga nani kabla hujakipunguza. Na ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Mungu akupe mabega yenye nguvu, na akufungue mdomo kabla mwenzako hajaumia kwa kosa lako.