Kiti Nyuma ya Goli

Jumapili tulipanda lori la pamba kutoka Mwanza hadi Misungwi kuishangilia timu yetu. Mshambuliaji wetu, aliyeoa huko huko Misungwi, aliwapiga chenga mabeki wote akabaki na kipa. Ghafla akainamisha kichwa, akageuka, akaondoka. Mpira ukabaki peke yake. Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya aliyekuwa refa, akaitazama filimbi yake.

"Una wazimu?" nahodha akafoka.

"Mama mkwe yuko pale."

Kweli, nyuma ya goli alikaa mama mmoja kwenye kiti kizuri, amejitanda kanga. Nahodha, Msukuma kama sisi, alipoa. Mama mkwe hakaribiwi, seuze kupigiwa shuti!

"Vumilia. Kipindi cha pili tunabadilishana magoli, atabaki nyuma ya kipa wetu."

Tulipobadilishana, vijana wawili wa Misungwi walikibeba kile kiti kwa adabu, wakamhamishia mama nyuma ya kipa wao.

Tulifungwa. Mama alituma salamu kwenye lori: "Mwambieni mkwe wangu, watu wa hapa wana heshima! Mpira sikuuelewa, ila kiti sikukosa."

Njiani nahodha alianza kupanga timu ya kwenda Magu. Hakuuliza nani anaumwa mguu.

"Nani ameoa Magu?"

Mikono mitatu ilinyooka, yote ya washambuliaji.